Matanga ya Kalombo wa Meli

Hortense aliingia uani mbio, unga wa mahindi umemjaa hadi kwenye nyusi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa ameiacha meza yake soko la Kikula bila hata kumwambia jirani amtazamie, yeye ambaye siku nyingine haendi hata chooni kwa kuogopa vibaka. Mama yake, Alphonsine, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, alidhani kuna mtu amekufa. Na kweli mtu alikuwa amekufa, ila zamani sana, na habari yake ndiyo kwanza ilikuwa inafika Likasi.

"Mama, bato banaipata," alisema Hortense huku akihema. "Ile meli, Lufira. Iko chini ya mayi kule Ulaya. Njo bato ya nkambo Kalombo."

Maharage yakamwagika yote. Alphonsine alisimama wima, na magoti yake, ambayo kila asubuhi yalikuwa na malalamiko mapya, siku hiyo yakanyamaza.

Kalombo alikuwa baba yake. Alifanya kazi kwenye tanuri za shaba enzi ambazo mji bado uliitwa jina la mzungu. Vita kubwa ya dunia ilipokwisha, meli zilikuwa nyingi na watu wa kuziendesha wachache, akaja bwana mmoja kutafuta wanaume wasioogopa moto, wa kuchochea makaa chini kabisa, kwenye tumbo la meli. Alichagua wanne, Kalombo mmoja wao. Wakapanda treni hadi Lobito nyuma ya mabehewa ya shaba, na huko wakaingia kwenye meli iliyoitwa Lufira, kama mto wetu huu huu. Alphonsine alikuwa bado ananyonya. Mama yake alilishika jina hilo la meli kwa sababu ni mto aliofulia nguo tangu usichana, angelisahau vipi?

Baada ya hapo, kimya. Hakuja mtu, haikuja barua, wala mshahara. Kisha akatokea mpuuzi mmoja kutoka pwani akasema amemwona Kalombo kwa macho yake mjini Antwerp, amevaa kofia ya bei, ameshikana mkono na mwanamke wa kizungu. Uvumi ule haukuwa na kichwa wala miguu, lakini ulifika mbali kuliko treni. Kaka mkubwa wa Kalombo aliuamini siku ile ile, na katika ukoo wao neno la mkubwa ndilo linalofungua kilio. Mtu haliliwi mpaka mkubwa wa familia asimame mbele ya watu atamke kwamba fulani amekufa. Kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo, na nani anataka lawama hiyo?

Basi Kalombo hakuliliwa. Kaka yake alikufa akiwa bado anaisimulia ile kofia, na mwanawe Tshimanga akarithi ukubwa wa familia pamoja na hadithi ya kofia. Mama yake Alphonsine aliingia kaburini kama mwanamke aliyekimbiwa, si mjane. Hakuvaa nyeusi hata siku moja. Na Alphonsine mwenyewe alikulia Kikula akiitwa mtoto wa mtoro, shuleni, kisimani, hata siku ya harusi yake kuna shangazi aliyenong'ona. Alikuwa hakosi matanga ya mtu yeyote mtaani, analia kuwapita wenye msiba, na watu wakamsifu kwa huruma. Hawakujua kwamba anamlilia wake kwa kujificha. Sasa alikuwa mzee, na hamu yake ilikuwa moja tu: kuketi juu ya mkeka na kumlilia baba yake waziwazi, kabla yeye mwenyewe hajaliliwa.

Simu ikalia palepale uani. Alikuwa Christiane, mwanamke wa Ubelgiji anayetafuta pamoja na wapiga mbizi meli zilizopotea miaka ile baada ya vita. Alikuwa ameandika kwenye Facebook kuuliza kama Likasi kuna mtu anayejua habari za Lufira, na Hortense akamjibu. Sasa alieleza kwa Kifaransa na Hortense akafasiri, maneno yakikanyagana mdomoni kwa furaha. Vita ilikuwa imekwisha, watu wamecheza ngoma barabarani, lakini mabomu waliyoyatega baharini yalibaki yakielea, na meli ziliendelea kuzama mwaka hadi mwaka, zimebeba ngano, zimebeba makaa, zimebeba watu wanaorudi kwao. Lufira iligonga bomu moja ikiwa karibu kabisa na bandari. Ilikuwa safari yake ya kwanza na wale wachochezi wanne. Antwerp hawakufika.

"Kofia alivalia wapi sasa?" aliuliza Alphonsine. Hortense hakulifasiri hilo.

Christiane aliongeza mambo mawili. La kwanza, shaba ya Katanga bado imo ndani, imepangwa safu kwa safu kama siku ilipopakiwa. La pili, hakuna atakayeigusa, kwa maana serikali ya kule imeitangaza meli hiyo kuwa kaburi. Jumapili wangeteremsha kamera, na kama upepo ungekubali, angepiga simu ya picha ili familia waione. Nafasi ilikuwa hiyo moja. Baada ya hapo bahari inachafuka na wanarudi makwao.

Likasi habari haitembei, inaruka. Kufikia jioni Kikula nzima ilijua kwamba meli ya shaba imepatikana, na shaba yenyewe imo, na mwenye familia ni mama Alphonsine. Lile jambo la pili halikuvuka ua. Hortense alitaka kulitangaza, ni mtu mkweli kupita kiasi, hata unga wake huupima hadi ukamwagika. Mama yake akamshika mkono.

"Weye nyamaza kwanza," alisema. "Batu banapenda kusikia shaba, basikie shaba. Minye niko nangojea muntu moja tu."

Mtu huyo alikuwa Tshimanga, na hakuchelewa. Jumapili, ibada ya mwisho ndiyo kwanza imekwisha, alishuka kwenye pikipiki kutoka Kakontwe anakoishi, amevaa suti ya harusi ya mwanawe, tai imembana mpaka macho yametoka. Miaka mingapi hakukanyaga ua huu? Leo alimkumbatia Alphonsine, akamwita yaya, yaani dada mkubwa, akauliza magoti yake, akauliza hata kuku. Kisha akakaa kwenye kiti chenye mgongo na kuanza kuzungumzia, taratibu na kwa heshima, mali ya baba mdogo Kalombo, namna itakavyogawanywa, na kwamba yeye kama mkubwa wa familia yuko tayari kubeba mzigo huo.

Alphonsine alimwacha amalize. Alikuwa ameipanga siku hii kichwani wiki nzima, kila neno mahali pake. Akamwekea chupa ya soda, akaketi, akamuuliza kwa sauti ya upole ambayo Hortense hakuwahi kuisikia.

"Ndugu yangu, nani njo anagawanya bintu ya muntu mwenye iko muzima?"

Tshimanga alijiweka sawa kitini. Akatazama huku na huku. Ua ulikuwa umejaa: majirani, wanakwaya bado na majoho yao, wanawake wa sokoni, na mwalimu Gracien mwenye sola iliyochaji simu, ambaye kwa huduma hiyo alijipa kiti cha mbele. Wote walimtazama Tshimanga. Ungeweza kuiona akili yake ikizunguka: kama Kalombo yu hai na kofia yake, hakuna urithi. Kama kuna urithi, Kalombo amekufa, na anayepaswa kusema hivyo ni yeye.

Alikunywa soda yote. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Hortense alikuwa akitazama simu, kwani saa ya Christiane ilikuwa imekaribia. Alphonsine alikuwa akimtazama Tshimanga kinywani. Sema, alimwomba kimoyomoyo, sema haraka, Bwana asifiwe, sema. Lakini mpe Tshimanga watu wa kumsikiliza uone kama atafanya haraka. Alianza na mwanzo wa ukoo. Akawataja mababu waliokuja na pembe za ndovu, akataja waliohama na sababu zao, akatoka nje ya njia kusimulia kesi ya shamba, akarudi. Alphonsine alitamani kumfinya. Hatimaye akafika kwa baba yake, akafika kwa mdogo wa baba yake, akainua mkono. "Na huyu Kalombo," alisema, "mwenye alienda ku bato..."

Simu ikalia.

Hortense aliiinua, akamtazama mama yake, kidole kimesimama hewani. Angeweza kuiacha ilie. Maneno yalikuwa yamebaki matatu, manne, yangekwisha kabla simu haijakata. Lakini kama ingekata na isipige tena? Alphonsine hakuwa na picha ya baba yake, hakuwa na shati lake, hakuwa na kaburi. Alikuwa na hii meli tu. Alijiona akipata neno na kuikosa meli, akajiona akiipata meli na kulikosa neno.

"Kamata," alisema.

Kioo kikajaa maji ya kijani, na ua mzima ukasukumana. Wanakwaya walipanda juu ya matofali, mtu akaangusha sufuria, wa nyuma wakataka waambiwe, wa mbele hawakuwa na nafasi ya kuwaambia. Kutoka kwenye giza lile ikatokea meli, imelala ubavu, imeota majani, samaki wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Alphonsine alisogeza kichwa karibu. Kubwa namna ile. Miaka yote aliiwazia kama mtumbwi.

Ndipo Gracien alipoingiza shingo yake na kuuliza, kwa Kifaransa cha kanisani, shaba itatolewa lini. Christiane akamjibu kwa adabu, na kabla Hortense hajaikwepesha simu, Gracien alikuwa ameshaufasiria umati: haitolewi, ni kaburi, hakuna mtu atakayepata hata kipande.

Ukapita mguno, kisha kicheko. Kijana mmoja aliuliza kama suti itarudi kungojea harusi nyingine. Tshimanga alibaki ameinua mkono wake ule ule, kisha akaushusha.

"Yaya," alisema polepole. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," alijibu Alphonsine. Hakuona haja ya kupamba. Aliona aibu kidogo, na hasira zaidi, na zaidi ya yote aliona neno lake likimponyoka mbele ya macho. Tshimanga alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye pikipiki.

Christiane aliendelea kusema, hakuwa na habari ya lililotokea. Hortense akafasiri kwa sauti kubwa, labda ili mtu asiondoke. Kamera ilikuwa imefika kwenye mlango mdogo wa chuma, umepinda, umebanwa na ukuta uliouangukia. Mlango huo, alisema, ulikuwa njia pekee ya kupandia kutoka kwenye makaa. Waliookolewa walikuwa mabaharia wa juu. Chini kule, mlipuko uliwafungia. Hakutoka mtu.

Tshimanga alisimama. Alirudi, akawapisha watu kwa mabega, akainama juu ya simu mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aliutazama ule mlango kwa muda mrefu, na waliokuwa wakicheka wakaacha, kwa kuwa walikumbuka. Mwanawe Pitshou alifukiwa na shimo la madini huko Kakanda, yeye na wenzake, na ardhi haikuwarudisha. Matanga yake yalifanywa kwa suruali na viatu vilivyowekwa juu ya mkeka.

"Pitshou pia hatukumutosha mu shimo," alisema, kana kwamba anaongea na mlango. "Na hakuna muntu aliniuliza maiti iko wapi."

Aliivua tai. Akaitia mfukoni. Kisha akanyooka, na safari hii hakuanza na mababu.

"Batu ya Kikula, sikieni. Kalombo alikufa. Alikufia ku kazi, mu bato, mbele ya moto. Hakukimbia muntu. Baba yangu alidanganyika, na minye nilimufuata." Akamgeukia Alphonsine. "Yaya, mulie."

Wanawake walikuwa wameshatandika mkeka, hakuna anayejua nani aliuleta. Mtu alikuwa tayari anapuliza makaa kwa ajili ya moto wa wanaume, wanakwaya wanahangaika kutafuta viti, Hortense ameishikilia simu juu ili kule Ubelgiji nao waone, analia na kucheka kwa pamoja. Alphonsine aliketi. Alivua kitambaa cha kichwa. Tangu utotoni alikuwa amejitungia maneno ya kumlilia huyu mtu, maneno mazuri, marefu, yenye majina ya mito na ya vizazi, na kila mwaka aliyaongeza. Akafungua kinywa kuyatoa.

"Papa," alisema.

Hakuwahi kumwita mtu neno hilo. Alilisema tena, kwa nguvu zaidi, na Kikula ikamwitikia.