Maji Huenda, Chumvi Hubaki

Kila asubuhi, foleni ya wagonjwa ilipokuwa bado fupi, mfagizi wa kliniki alijaza tangi la samaki lililokaa pale mapokezi. Maji yalikuwa yakipungua upana wa kidole kwa siku. Alikoroga chumvi ya bahari kwenye ndoo, akamimina mpaka kwenye alama, akamshukuru Mungu. Tangi la maji chumvi hujazwa maji chumvi. Hilo halihitaji shule.

Lakini matumbawe ya tangini yalijifunga kama ngumi, na daktari mwenye kliniki alikwisha sema neno lake. "Yakifa haya, mama, na kazi yako imekufa. Mumeo aliyaweza miaka sita."

Mumewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Jumatatu saa nne marehemu alikuja, suruali imelowa hadi magotini kama siku za kubadilisha maji ya tangi, akakaa mwisho wa benchi. Mkononi alishika kikaratasi cha namba arobaini na moja.

"Baba, hiyo namba ni ya zamani," mpokezi alimwambia bila kuinua kichwa.

"Najua. Nitasubiri."

Mjane aliegemeza fagio ukutani. "Umekonda."

"Na wewe unayachoma matumbawe yangu kwa chumvi."

"Najaza kama ulivyojaza."

"Maji chumvi ni siku ya kubadilisha tu. Kila siku unajazia maji matupu, mama watoto. Taa hukausha maji, ila chumvi haina miguu. Maji huenda, chumvi hubaki."

"Ungenifundisha ulipokuwa hai."

"Ulinikataza habari za samaki wakati wa kula."

Hilo lilikuwa kweli. Walitazama kipimo cha chumvi pamoja. Sindano ilikuwa imevuka mstari wa kijani. Mume akamwelekeza: teka kikombe kimoja, rudisha kikombe cha maji yaliyochujwa, asubuhi na alasiri, basi.

"Kikombe kimoja? Nitazeeka hapa."

"Tumbawe ni kama mkwe. Halikurupushwi."

Akafanya hivyo siku tano. Mume alikuja kila siku, akakaa palepale, na bibi mmoja mwenye miwani akamlalamikia kwamba anamlowesha. Akaomba radhi, akasogea.

Ijumaa sindano ilirudi kwenye kijani. Matumbawe yakafunguka moja baada ya jingine, kama vidole vya mtoto anayeamka. Daktari alipita, akachungulia. "Sawa. Endelea na kazi."

Mjane alikaa sakafuni akalia, ila kwanza alijisogeza mbali na tangi, chumvi isizidi tena.

Alipojifuta uso, alibisha mlango wa daktari. "Daktari, yupo wa arobaini na moja. Anasubiri umpime kifua tangu siku ile aliyofia kwenye benchi."

Daktari alitazama saa. "Leo nimeishia arobaini. Mwambie aje kesho."

Ndivyo alivyosema na siku ile.

Mume alikunja kikaratasi, akakitia mfuko wa shati. "Usijali. Kifua hakiumi tena." Akatazama matumbawe yake, akatabasamu, akatoka, nyayo zake zikiacha maji hadi mlangoni. Mjane akayapangusa.

Kesho yake aliongeza maji matupu kwenye tangi, akasoma kipimo, akashusha pumzi. Kisha akatandika taulo kavu mwisho wa benchi.