Mkunga Aliyegoma Kula

Ujumbe wa simu ulimkuta Theodosia shambani Kitanga, ungo wa mbegu za maharage mkononi. Aliusoma kama alivyofundishwa darasa la watu wazima, kidole chini ya kila neno: "Mama, mkunga amegoma kula siku ya nne. Akimana analia tu. Njoo."

Alikaa chini kwenye tuta. Akimana, mke wa mwanawe Venanti, alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Ile ya kwanza alijifungulia nyumbani, na mtoto hakulia. Sasa mkunga yuko kwao Kibondo na hataki kula! Theodosia alijua maana yake. Mgeni akikataa chakula chako, tumbo lake linasema kile ambacho mdomo umeona haya kukisema: amehisi sumu, au ametukanwa. Na mkunga aliyetukanwa mikono yake huwa mizito.

Mbegu zikabaki kwenye ungo. Alichukua unga wa muhogo, maharage, na tetea wake wa pekee aliyekuwa akitaga, akaenda Kasulu kupanda basi. Njiani tetea alimchafulia kitenge chote. Mama mmoja aliyekaa naye, ambaye hawakujuana, alitoa kitambaa chake akampangusa, na Theodosia akaliweka hilo moyoni.

Alipofika hakukubali hata maji. Aliuliza yuko wapi huyo mkunga, amwombe radhi.

Venanti alionyesha sebuleni. Palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa sanduku la nguo, mchanga chini, na ndani ya kipande cha bomba kichwa chembamba kikichungulia.

"Huyo hapo, mama."

"Huyo ni inzoka," alisema Theodosia, tetea bado kwapani.

Venanti alieleza kwamba si nyoka, ni samaki wa mtoni. Saady, mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye watu wake ni wa Pangani, ndiye aliyemleta, na kwao pwani samaki mrefu namna hii huitwa mkunga. Kwetu huku mkunga ni yule anayepokea mtoto, basi. Theodosia alimwambia mwanawe kwamba mtu mwenye mke mjamzito akiandika neno hilo kwenye simu aongeze na la pili, hata kama vidole vinauma.

Siku mbili zilizofuata alichoka kuliko msimu mzima wa palizi. Kila ndoo ya nyumba hiyo ilikuwa imejaa maji yasiyoguswa, maana maji ya bomba lazima yalale siku nzima dawa itoke. Yeye aliogea maji ya sufuria. Jiwe la kusagia lilikuwa juu ya kifuniko cha tangi, kwa sababu samaki huyo aliwahi kupenya akakutwa nyuma ya gunia la unga. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikizima, watu wazima walisimama kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena, ili apate hewa. Na mwenyewe, mfalme huyo, hakutoka bombani.

Kisha akajua kilichokuwa kinamliza Akimana. Kliniki walimwagiza akakae kwenye nyumba ya kusubiria, karibu na hospitali, kwa ajili ya yale yaliyotokea mara ya kwanza. Amekataa. Baada ya msiba ule alikuwa anakaa ameelekea ukuta, ndipo Saady akaja na ndoo, samaki mwembamba kama penseli ndani, akasema dada apate kitu cha kulisha. Hakutaka hata shilingi. Venanti alipojaribu kumhudumia samaki huyo, alimwaga maji ya bomba moja kwa moja, kidogo amuue.

"Sitaondoka tena nikirudi nikute kiumbe changu hakipo," Akimana alimwambia mkwewe, akitazama kioo.

Theodosia hakubishana. Alikwenda kutazama alichoandaliwa mgeni. Dagaa wakavu, wenye mchanga.

"Hata mimi ningegoma," alisema.

Asubuhi alichimba nyuma ya jiko, chini ya shina la mgomba lililooza, akapata nyungunyungu, akawaosha, akawatia majini. Samaki hakusogea. Theodosia alimtukana kwa Kiha, taratibu, kama anayesali. Halafu akatazama viti: yeye, Akimana na Venanti, wote wamekodoa macho kwenye kioo. Akaona haya.

"Nani hula namna hii? Mkwe hali mbele ya mkwe."

Alivua kitenge chake cha juu, akafunika kioo chote, akawatoa nje wote. Walikaa kwenye mkeka hadi ugali ukaiva. Waliporudi na kufunua, nyungunyungu hawakuwepo hata mmoja.

Akimana alishika ukingo wa tangi kwa muda. Kisha akamwuliza mkwewe kama anajua maji yanalala muda gani. Theodosia alijibu yote: siku nzima, jiwe juu ya kifuniko, kitambaa kwenye tundu la waya wa pampu asipenye, kitenge wakati wa chakula. Jioni hiyo Akimana alifungasha nguo, na Venanti akampeleka.

Siku ya tisa tangu Akimana aende kusubiri, Venanti aliondoka na tetea, amechemshwa tayari, supu ya mzazi. Theodosia alibaki na kucha zenye udongo, akilaumu mvua iliyokuwa inanyesha Kitanga juu ya matuta yasiyo na mbegu. Simu ikalia mikono yake ikiwa ndooni.

"Mama," ilikuwa sauti ya Akimana, imechoka, "mkunga amekula."

"Yupi tena?"

"Wa huku. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri kwa ajili yetu. Nimempa paja."

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia, kwa hasira, bila kupumzika. Theodosia alisikiliza mpaka simu ikakatika. Kisha akajifuta machozi kwa kiwiko na kuligeukia bomba la tangini.

"Na wewe kula," alisema, akitandaza kitenge. "Nina maharage ya kupanda."