Gesi ya Saa Sita Mchana

Kila saa sita mchana mashine ya Dokta Whitlock ilinusa gesi kwenye theluji, na kila saa sita mchana mimi nilikuwa nakula. Kwa mtu aliyesoma miaka ishirini, huo ulikuwa ushahidi tosha.

Mimi ni mlinzi wa dubu hapa Utqiagvik, mji wa barafu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Wataalamu wanachungulia theluji, nami nachungulia dubu asije akawachungulia wao. Mwezi wa nne ule mashine ilionyesha gesi ya oksidi ya naitrojeni, ya aina itokayo kwenye injini, ikipanda mchana na kushuka jioni. Dokta akatangaza mbele ya wenzake kwamba theluji ni kitu kilicholala, haina gesi ya kumpa mtu. Mchafuzi ni mimi, nawasha pikipiki ya theluji kwa siri nipate joto nikila. Niliapa kwamba naizima na kuiacha mbali. Akanipa siku moja: gesi ikionekana kesho, nitafute kazi nyingine. Na huku kwetu kazi haziokotwi barafuni.

Nikaenda kulia kwa shangazi Aaluk. Nilimkuta anageuza ngozi za sili, yule mnyama wa baharini, alizoanika nje ziwe nyeupe, kama afanyavyo kila baridi inapoanza kulegea. Pole hakunipa.

"Hizi nani kazifanya nyeupe, mimi?"

"Jua, shangazi."

"Na ile iliyobaki bandani mbona kahawia mpaka leo? Jua la huku linakupiga toka juu, likirudi toka kwenye theluji linakupiga tena. Ngozi linazitafuna, macho yako linayatafuna. Theluji ndiyo litaionea haya, mwanangu?"

Kesho yake nilikwenda kazini kwa miguu, nimebeba turubai jeusi begani. Ufunguo wa pikipiki nikamkabidhi Dokta mkononi. Saa sita gesi ikapanda kama kawaida yake. Dokta akasema bila shaka nina ufunguo wa pili.

Nikatandaza turubai juu ya theluji kuizibia jua, pale mrija wa mashine unapovuta hewa. Gesi ikashuka. Nikalikunja, ikapanda. Dokta akaipiga mashine kofi, akabadilisha betri, akaniamuru nirudie. Mara ya tano wenzake wakaangalia viatu vyao.

Jioni alituita atufundishe: ndani ya theluji mna chumvi za naitreti, mwanga wa jua unazivunja, gesi inatoka. Alieleza vizuri sana, kana kwamba alizaliwa akijua. Ugunduzi akaupa jina lake mwenyewe. Turubai nalo alilishukuru.

Kazi nikabaki nayo. Radhi sijaombwa, ila mlangoni pamebandikwa sheria mpya: mlinzi asisogelee mrija, kivuli chake kinaharibu vipimo. Basi siku hizi namlinda Dokta nikiwa mita mia mbili kutoka alipo. Dubu naye ana kivuli, kikubwa kuliko changu, lakini sheria hajasomewa.