Kilomita za Umeme

Muuzaji alimwambia bosi wangu kwamba gari hili likichajiwa usiku kucha litakwenda kilomita themanini kwa umeme kabla injini ya petroli haijaamka. Labda huko kwao muuzaji. Hapa Riyadh, kiyoyozi kikipigana na jua la Malaz, zikifika arubaini namshukuru Mungu. Petroli bosi huiona kwenye simu yake hata akiwa kitandani, lakini umeme hauulizi. Basi nikazihesabu kilomita za umeme kuwa zangu, maana sina kingine changu katika nchi hii.

Mwezi uliopita tulikwenda Jeddah kwa harusi ya mpwa wake. Nilifurahi hadi nikaogopa. Mke wangu Risper ni mfanyakazi wa ndani huko, na sikuwa nimemwona tangu tulipoagana uwanja wa ndege wa Nairobi, kila mmoja akienda kwa kafili wake, tajiri aliyemdhamini. Mikataba yetu ilikuwa inakwisha, na madam wake alitaka jibu siku ya pili ya harusi: anabaki au anarudi?

"Baba Valentine, maneno ya simu yamenichosha," aliniambia. "Kuja uniambie nikikuona. Ukikuja, tunaenda home. Usipokuja, nitajua."

Simu yake hukaa kwa madam hadi baada ya chakula cha jioni, na nje hatoki ila kupeleka taka kwenye pipa la barabarani. Tukapatana: baada ya adhuhuri nitasimama karibu na pipa, naye akisikia gari atatoka na mfuko. Honi hapana, honi ingemtoa madam kwanza.

Siku hiyo ya pili bosi aliniachia gari hadi alasiri, akidhani nitalala. Nilizima kiyoyozi ili umeme utoshe kwenda na kurudi. Nilipopita Kandara shati lilikuwa limenigandama mgongoni. Sikujali. Petroli haikupungua hata tone, nikajiona mjanja kweli.

Niliegesha kando ya pipa, nikalikodolea macho geti lake. Yaya wa nyumba ya pili akatoka, akatupa taka, akarudi. Geti la Risper halikufunguka. Nikasema madam amemzuia. Kisha nikasema hapana, amenichoka, na hilo likaniuma zaidi. Alasiri ilipoadhiniwa nikaondoka.

Bosi akasema yalla, Riyadh. Tulisimama kituo cha petroli nje ya Taif, naye akaenda kuswali ishaa. Ndipo sauti ya Risper ikaingia kwenye simu.

"Nilikaa kwa dirisha ya kitchen, yenye inaangalia ukuta tu, na mfuko mkononi mpaka alasiri," alisema taratibu. "Nikasikia gari ya gesi, nikasikia ya maji. Yako sikusikia. Sijakasirika. Nimesaini miaka miwili, halas."

Niliketi chini. Miezi yote hiyo nimeliendesha gari hili, na haikunijia hata siku moja kwamba mtu aliye ndani ya nyumba hawezi kulisikia. Nikamwandikia mbiombio: nilikuwepo, Mama Valentine, hapo hapo kwenye pipa, gari hili likienda kwa umeme halina sauti.

Jibu lilikuja bosi akiwa anavaa viatu.

"Gari gani haina sauti, Baba Valentine? Ungesema tu kazi ilikukatalia."