Koti la Baba Mkwe

Mume wangu Amos anazijua nguo. Hilo simnyimi. Ana duka Mwanjelwa, Mbeya, na akikutazama kutoka ng'ambo ya barabara anakutajia saizi ya shati lako, na kama ni la mtumba atakuambia hata balo lilikuwa la daraja gani. Kwa hiyo alipochukua fomu ya kugombea udiwani kata ya Ilolwa, huku kwetu jirani na Kalenga ambako ndiko kwao pia, sikushangaa kuona kampeni yake inaanzia kabatini.

Mpinzani wake ndani ya chama alikuwa Ezekia Kalinga, mtoto wa baba yangu mdogo, mkulima wa viazi na katibu wa ushirika. Ungedhani watabishana juu ya pampu ya kisima, ambayo tangu masika imekaa kimya na akina mama wamerudi kuchota mtoni. Wapi! Ezekia ndiye aliyeanza. Alirusha mtandaoni picha ya viatu vya Amos, vile vyenye ncha ndefu, akaandika: "Ndugu wananchi, huyu anakuja kutuongoza au kutuchimbia viazi?" Kata nzima ikacheka. Nami nilicheka, jikoni, peke yangu, maana viatu vile nilishamkataza.

Amos hakucheka. Alinunua bando, akaishambulia kofia ya Ezekia. Ezekia akajibu kwa suruali ya Amos, kwamba imembana hadi kupanda jukwaani inabidi abebwe. Amos akahamia kwenye mkanda, kisha kwenye soksi. Katikati ya vita hiyo mzee mmoja akaandika kwenye komenti, kwa adabu kabisa, akiuliza pampu itatengenezwa lini. Amos alimjibu kwa vikaragosi vya kucheka. Ezekia alimwekea dole gumba. Nina hakika kila mmoja wao alimhesabu mzee yule kuwa mfuasi wake.

Alhamisi moja nilikuwa napepeta maharage Amos akaniita kutoka sebuleni. "Mke wangu, njoo uone! Leo nimemmaliza."

Ilikuwa video ya Ezekia akitoka kanisani. Alivaa koti kubwa la rangi ya kahawia, mikono imemfunika vidole, pindo linampiga magotini. Amos alikuwa ameweka muziki wa katuni, na juu yake sauti yake mwenyewe, ile ya kuuzia nguo: "Ndugu zangu, ndani ya koti hili kuna mgombea, tusaidiane kumtafuta. Sisi wataalamu wa mitindo tunaliita gunia lenye vifungo. Aliyelivaa mwanzo bila shaka alikuwa mlinzi wa ghala, na panya walimshinda!"

Ungo ulinitoka mikononi. Koti lile nalijua. Nimelala chini yake nikiwa mdogo, mvua ikituchapa njiani kutoka mnadani, nikisikia harufu ya tumbaku na ya baba. Mfuko wa kushoto niliushona mimi, kwa uzi wa rangi isiyofanana, na baba akasema umependeza. Sasa nilikuwa natazama koti la baba yangu likichekwa na mume wangu, na watu nisiowajua wakiliongezea vicheko kutoka Makongolosi hadi Dodoma. Sikutaka kulia mbele ya simu.

Baba, Mzee Abrahamu Kalinga, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Kwa ukoo wetu, siku ya kumaliza msiba wazee hulitoa koti la marehemu na kumvisha mrithi mbele ya watu wote. Akishavishwa, huyo ndiye marehemu. Anaitwa kwa jina lake, anakaa kwenye kiti chake, na watoto wa marehemu wanamwita baba hata kama wamemzidi umri. Anabaki hivyo mpaka siku atakapolivua na kumvisha mwingine kwa mkono wake mbele ya ukoo. Baba hakuacha mtoto wa kiume, basi alivishwa Ezekia. Ezekia yule niliyembeba mgongoni akiwa na kamasi hadi kidevuni sasa ni baba yangu.

Na kama ni baba yangu, ni mkwe wa Amos. Huku kwetu unaweza kumtania shemeji, unaweza kumtania babu ukamwambia kichwa chake kinafaa kupandwa viazi, na yeye akacheka na kukuongezea. Mkwe hataniwi. Hata kumkodolea macho usoni ni utovu wa adabu. Kofia na soksi nilikuwa nimezimezea, kwa kuwa Ezekia mwenyewe ndiye aliyeanza; koti ni baba.

Amos hayo hakuyaona kwa sababu siku ile hakuwepo. Alikuwa Mbeya anafungua duka la pili. Alituma rambirambi kwa simu, kisha akaandika mtandaoni "Pumzika kwa amani mkwe wangu", na juu ya maneno hayo akaweka picha yake mwenyewe akiwa na miwani myeusi. Nusu ya watu walitoa pole. Nusu nyingine waliulizia bei ya miwani.

"Amos," nikasema, "hilo koti ni la baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Mkwe wako. Ezekia alivishwa siku ya kumaliza msiba."

Aliitazama tena video tangu mwanzo, amekunja uso. Nilidhani ameshtuka. "Sasa," akasema, "mbona hawakulipunguza mikono?"

Jamani, kuna siku mtu unamtazama mumeo ukatamani kumpepeta na maharage. Nilimwambia taratibu ili asije akasema sikueleweka. "Nataka kitu kimoja. Futa hiyo video, na uende kwetu ukaombe radhi, kwa moyo. Usipofanya hivyo mimi na wewe basi. Siwezi kumpikia mtu anayemcheka baba yangu." Sikuwa namtisha. Nilimpenda Amos, na ndiyo maana sauti ilinitetemeka.

Aliifuta, kwa uchungu kama mtu anayeng'olewa jino, akininong'oneza ilikuwa imeshafika wapi. Kabla hajamaliza, simu yangu ikaita. Alikuwa shangazi Evarista, dada mkubwa wa baba, ambaye siku hizi ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo.

"Eveline, kamwene. Hiyo uchafu ya mume wako tumeiona hapa. Mwambie Jumamosi aje na mbuzi na pombe ya komoni, apige magoti. Na soda alete, walokole wapo."

Nilimpa Amos ujumbe. Alitazama dirishani, anawaza, nami moyo ukaanza kulainika. Ndipo uso wake ukachangamka. "Jumamosi asubuhi," akasema, "mwanga wa kwenu unakuwa mzuri sana." Akampigia Junaid, mpiga picha wa harusi kule Mwanjelwa, awahi kuja.

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kukata masikio na ukungu ulikuwa bado umekalia mabua ya mahindi. Amos alivaa kaunda suti nyeusi, mpya, aliyoiita ya toba. Usiku wa kuamkia hapo alifanya mazoezi ya kupiga magoti mbele ya kioo ili suruali isijikunje vibaya. Hata mbuzi alifungwa utepe wa rangi za chama shingoni, na alionekana kuliona hilo kuwa ni kumvunjia heshima.

Ukoo ulikuwa umekaa uani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, shangazi katikati na kikombe chake. Nyuma ya ua walijaa vijana waliosikia kwamba kutakuwa na laivu. Ezekia akatoka ndani na koti la baba, anatembea polepole, na nyuma yake mtu ameshika simu. Kumbe na yeye aliajiri mpiga picha!

Amos akapiga magoti. "Baba," akasema, "nimekosa. Nilicheka nisichokijua. Naomba unisamehe, wewe na nyumba hii."

Aliyasema vizuri. Nakiri nilimwona mume wangu amerudi. Lakini Junaid akainua mkono: "Mheshimiwa, turudie, upepo umeingia kwenye maiki." Amos akarudia. Safari hii aliongeza chozi, na upande ambao kamera haikumwona aliuacha mkavu.

Ezekia akatandika sauti ya kibaba ambayo hata baba mwenyewe hakuwa nayo. "Mwanangu, nimekusamehe. Na kwa kuwa mtoto mwenye adabu hashindani na baba yake, nina imani kesho utakwenda ofisi ya chama ukajitoe."

Watu wakaguna. Amos, bado yuko magotini, biashara ikamrudia kichwani. "Baba, na baba mwenye upendo humwachia mtoto nafasi yeye mwenyewe akiwa bado hai!"

Vijana wakalipuka kwa makofi. Sikuona aliyekuwa anamkumbuka marehemu hapo zaidi ya shangazi na mimi. Junaid, aliyekuwa anatazama namba za watazamaji zikipanda, akapaza sauti: "Mheshimiwa Ezekia, mvishe koti! Picha hiyo itafunika wilaya nzima!" Vijana wakaidaka. "Mvishe! Mvishe! Mvishe!"

Ezekia anazijua mila zetu, hawezi kusema hazijui. Ila nimegundua kwamba mwanasiasa akishaimbiwa na watu hasikii kingine. Alilivua koti akabaki na fulana yenye sura yake mwenyewe kifuani, akamwinua Amos, akamvisha, akamfunga vifungo kimoja baada ya kingine huku akizigeukia kamera zote mbili kwa haki sawa. Wakakumbatiana. Wanawake wageni wakapiga vigelegele. Wanawake wa ukoo wetu walinyamaza.

Shangazi alikuwa amekiweka kikombe chini. "Mmeona wote?" akawauliza wazee. Wakaitikia kwa vichwa. Akanigeukia. "Amevishwa mbele ya ukoo, na mkono ya mrithi mwenyewe. Eveline, huyo sasa ni baba yako."

"Shangazi, ni picha tu."

"Mimi sikuangalia picha. Nimeangalia mtu amevishwa. Na mtu halali kitanda kimoja na baba yake. Utabaki hapa."

Ezekia, aliyekuwa ameanza kutetemeka kwa baridi, akaja kukaa kwenye kiti cha baba, shangazi akamwambia, "Wewe Ezekia, toka hapo," akatoka bila ubishi kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nikamuuliza shangazi kama jambo lile linarudishika.

"Linarudi. Avue mwenyewe, amvishe Ezekia tena, aseme amerudisha. Ila afanye kabla hajatoka kwenye ua hii. Akitoka nayo, imekwisha."

Basi nilikwenda mbio. Amos alikuwa karibu na lango, amezungukwa na watu wanaotaka kupiga naye picha, ameinua simu yake juu anaongea nayo. "Ndugu zangu, angalieni hili koti. Hii ni kazi ya zamani, siku hizi hulipati hata kwa dawa! Hili ndilo linaitwa koti la heshima!" Lilimkaa vizuri, Mungu anisamehe. Mabega yalimtosha kama yalivyomtosha baba.

"Amos," nikamwambia, "vua koti umrudishie Ezekia. Sasa hivi."

"Nakuja, mke wangu, dakika moja."

"Shangazi anasema ukitoka nalo nje mimi si mke wako tena. Unanisikia? Vua."

Alinipungia mkono wa nyuma, ule wa kumfukuzia nzi, macho hayakutoka kwenye simu. "Jioni, jioni. Watu ndiyo wanaingia. Jioni nitavua."

Na akavuka lango. Alitoka kinyumenyume, maana Junaid alitaka nyumba ya marehemu ionekane nyuma yake, na watu wakamfuata wakimpa mikono, wazee kwa vijana, kila mtu na salamu yake.

Nilibaki nimeshika nguzo ya lango. Sikulia. Hasira ilikuwepo, lakini chini ya hasira kulikuwa na huzuni kubwa, kwa sababu nilimwambia, na alinisikia. Kisha nikaingia kwenye foleni ya watu wanaomsalimia. Zamu yangu ilipofika nilikunja goti, kama binti wa kwetu anavyofundishwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama!" akasema Amos, uso wake uko kwenye kamera. "Kura yako usininyime!"

Kisha akageuka kutazama ni nani.