Ombi Limetumwa kwa Mmiliki

Miaka thelathini na mmoja mama mmoja alikaa masjala, ile ofisi ya nyuma ambako mafaili ya idara nzima hulala kwenye makabati ya chuma, na katika miaka yote hiyo hakuna faili lililotoka bila saini. Mkurugenzi mwenyewe alisaini. Siku moja alijaribu kuondoka na faili kwapani kwa kisingizio kwamba ana haraka, akafuatwa hadi kwenye gari na daftari na kalamu. Ndiyo maana siku mama huyo alipostaafu jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Watu walimwita Masjala, na watoto wake, akiwa hayupo karibu, nao walimwita hivyohivyo.

Nyumbani napo hakustaafu. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku maisha ya watoto watatu yalipangwa kwenye majalada: vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, ripoti za shule tangu darasa la kwanza, picha za enzi zile masikio yao yalipokuwa yamewatangulia kukua. Mtu akitaka karatasi yake anakuja mwenyewe, anasaini, anapewa. Kutuma mtu hakuna, kutumiwa kwa basi hakuna. Nawe usidhani mama yule alikuwa na roho mbaya. Ni kwamba watoto walishakua, kila mmoja ana mji wake, na yeye alishaona kuwa anayekuja kuchukua cheti hakosi kukaa chai mbili, na akikaa chai mbili jua limezama, atalala, na akilala kesho yake atakula cha mchana. Karatasi ndizo zilizomletea watoto nyumbani. Alilijua hilo kama alivyojua namba ya kila jalada, ila hakumwambia mtu.

Basi kitinda mimba, binti anayefanya kazi za kompyuta, akaja likizo na wazo lake. Akamweleza mama kwamba siku hizi karatasi hazikai chini ya kitanda, zinakaa winguni. Huko moto hauziunguzi, mchwa hawazili, na kila mtu anafungua ya kwake popote alipo. Masjala akauliza, na mvua ikinyesha? Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Siku mbili akatandaza karatasi sebuleni, akazipiga picha mojamoja, akazipanga kwenye akaunti aliyoifungua kwa jina la mama, kwa sababu mwenye mali ni mwenye mali. Alipomaliza akambusu shavuni.

"Pumzika sasa, mama. Hakuna atakayekusumbua tena."

Maneno hayo yalimchoma. Nani alikuwa amelalamika kwamba anasumbuliwa? Lakini mtoto amejichosha siku mbili nzima, na mtu aliyekutendea wema utamwambia nini? Akasema asante mwanangu.

Kisha kimya. Mwezi wa kwanza kifungua mimba, muuguzi na mama wa watoto wawili, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Alikifungua akiwa kazini, akatuma ujumbe wa asante wenye picha ya ua. Mwezi wa pili mtoto wa kati, fundi umeme wa kiwandani, alihitaji matokeo yake ya shule, naye akatuma ua, tena lilelile. Masjala akawa na maua mawili kwenye simu na viti vitano vitupu sebuleni. Akawa anavifuta vumbi visivyokaliwa. Akaanza kuzungumza na redio, na haukupita muda wakawa wanabishana.

Mwezi wa tatu ulipoingia akavaa viatu vyake vya ofisini, akaenda kwa fundi simu, mwanamke mmoja mwenye kibanda kando ya duka la dawa, afanyaye kazi miwani ikiwa puani na bisibisi mdomoni. Alitaka kujua jambo moja tu: ni nani anayeruhusiwa kufungua mafaili yale? Fundi akagusa hapa, akagusa pale, akamsomea: yeyote mwenye kiungo. Kiungo gani, akauliza Masjala, tangawizi au iliki? Fundi akatoa bisibisi mdomoni apate kucheka vizuri. Akaeleza kwamba kiungo ni ile anwani waliyotumiwa watoto. Mwenye nayo anajipitia tu, kama mlango usio na komeo.

"Wala hakuna anayesaini?"

"Hakuna, mama."

"Basi hiyo si masjala. Hilo ni soko."

Fundi akamwambia komeo lipo, ni la kutia tu. Ukibadilisha hapa, anayetaka kufungua itambidi aombe, na ombi litakuja kwa mmiliki. Mmiliki akipenda ataruhusu, asipopenda shauri yake. Masjala akaitazama ile simu, ambayo miezi miwili hiyo alikuwa haitaki hata kuiona, na kwa mara ya kwanza akakubali kwamba ina akili. Alirudi nyumbani na mwendo wa mtu aliyerudishwa kazini.

Wa kwanza kunasa alikuwa kifungua mimba. Wiki ileile simu ikalia: binti yako anaomba ruhusa. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Masjala hakugusa hata kimoja, maana ombi lazima likae kwanza, ndio utaratibu. Akampigia binti akamgombeza nusu saa: ombi gani hili halina sababu, halina tarehe, mtu mzima na akili zake anaombaje namna hii? Kisha akamjulisha kwamba ombi limepokelewa, afike mwenyewe Jumamosi. Binti akalalamika kwamba ni kadi ya chanjo tu. Mama akamwambia hata ingekuwa tiketi ya basi. Jumamosi akafika na wanawe, wakavunja kikombe, wakaruka juu ya viti vyote vitano, wakalala hadi Jumapili. Masjala alibonyeza Ruhusu wakati wanaaga mlangoni.

Mtoto wa kati naye aliomba, akagombezwa, akaja. Alikuja amenuna, akakaa amenuna, akatengeneza swichi ya jikoni iliyokuwa ikirusha cheche tangu mwaka juzi, akaondoka anapiga mluzi. Kitinda mimba ndiye aliyeogopewa kuleta matata, kwani wingu lile alilijenga yeye. Kumbe wapi! Aliomba kwa adabu zote, akapanda basi, akaja kufuata ripoti yake ya darasa la nne. Mtu mwenye shahada anataka ripoti ya darasa la nne ya nini? Masjala hakujiuliza. Mwenye njaa hana miiko.

Mambo yakaenda hivyo, sebule imejaa, mpaka mtoto wa kati alipomwaga unga. Kiwanda kilifungwa, akazunguka miezi mitano na bahasha yake mkononi, kila ofisi inamwambia atapigiwa. Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, ombi lake likaingia: cheti cha ufundi umeme. Na safari hii alikuwa ameandika sababu, kama alivyofundishwa. Usaili wa kazi, kesho saa nne asubuhi.

Masjala akapiga hesabu. Kutoka kwa kijana hadi kwake ni safari ya siku nzima, hawezi kuja akawahi kurudi. Akimruhusu, haji. Asipomruhusu... la, hilo hata kuliwaza ni dhambi, mama gani anakalia riziki ya mwanawe? Ila kidole kilipofika juu ya Ruhusu kikasita. Aliache kidogo ombi hilo, akajiambia, angalau lionekane limepitiwa. Atabonyeza asubuhi na mapema. Wala hatampigia kumgombeza leo, asije akamvuruga mtoto kabla ya usaili.

Asubuhi simu ilikuwa nyeusi tii. Betri imekwisha, na umeme hakuna mtaa mzima. Angeazima simu ya jirani, lakini ampigie nani? Namba za mafaili elfu nne alizijua kwa kichwa; namba ya mwanawe ilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Akakimbia kwa fundi na viatu vya kuogea miguuni, akakuta kibanda kimefungwa. Akakaa kwenye ngazi ya duka la dawa. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita, akaiona kabisa ikipita kwenye saa ya ukutani ya duka, na alijilaani kwa kila neno alilolijua. Miezi mitano mtoto anahangaika, na yeye kamzibia mlango kwa sababu ya chai mbili.

Fundi alifika saa nne na nusu. Ana betri ya gari ya kuchajia, akaichomeka simu mara moja. Ilipofufuka, Masjala akabonyeza Ruhusu, akabonyeza tena kwa kutoamini, kisha akapiga.

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Mama? Nimetoka sasa hivi. Wamenichukua, naanza Jumatatu."

Akamuuliza ameingiaje bila cheti. Kijana akasema polepole kwamba cheti anacho ndani ya simu yake, tangu siku ile walipotumiwa kiungo. Dada anavyo vyake, mdogo wao anavyo vyake. Wote watatu walijiwekea nakala siku ya kwanza.

Masjala akashika nguzo ya kibanda. Maombi yote yale, basi. Kadi ya chanjo. Ripoti ya darasa la nne.

"Sasa kama unacho, jana uliniomba cha nini?"

"Ili unipigie," kijana akasema. "Nikikupigia mimi, dakika haijaisha unaniambia nisimalize salio. Lakini ukinigombeza kwa ajili ya faili unakaa nusu saa. Nilikuwa naogopa, mama. Nilitaka nikusikie kabla sijaingia."

Jana tangu mchana mtoto alikuwa amekaa na simu mkononi, na yeye ameinyamazia kwa kujifanya anapitia ombi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, yakatoka mengine. Fundi akamsogezea stuli bila kuulizwa. Akakaa, akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini.

"Nani alikuruhusu kutoa nakala?" akaanza.

Na hapo akapanda. Nakala tatu, hazina mhuri, hazina saini! Kwenye usaili amevaa shati gani? Lile la michirizi? Nani alimwambia lile ni la usaili? Amekula? Kwa nini hajala? Kijana anaitikia ndiyo mama, kweli mama, na sauti yake inasikika kabisa kwamba anacheka. Umeme ukarudi mtaani, wateja wakajipanga mbele ya kibanda, na kila Masjala alipoona makosa yanaelekea kwisha, alimtafutia mwanawe mengine.