Kigingi Nilichomnyima Ljubisav

Kwetu Homolje, anayekuja kuomba kigingi cha glog, cha kumdunga maiti anayeamka usiku kunyonya damu, haulizwi ni cha kaburi gani. Anataja urefu tu, nawe unakata. Miaka thelathini nimekuza vichaka hivi vya miiba. Maua yake nawauzia wagonjwa wa moyo, vigingi natoa bure. Nimekata vingi na nikalala fofofo, maana wafu walikuwa wa watu wengine.

Jumatatu akaja shemeji yangu Ljubisav, kofia mkononi. Binti yangu Milunka alikuwa na siku thelathini na nane kaburini, ameniachia mjukuu wa miaka miwili, Jagoda. Tangu tumzike, ng'ombe wawili wa Ljubisav walikuwa wamekufa.

“Shemeji Stamena, naomba kimoja. Urefu wa mkono.”

“Wangu au wako, wewe mwenye mikono ya kuku?”

Hakucheka. “Usinitanie leo. Mwanangu hanyonyi tangu jana.”

“Kaburi jipya hapa kijijini ni moja tu.”

“Haiulizwi, shemeji.”

“Nani kauliza? Nimesema tu.”

Akainamisha macho.

Nilipandwa na hasira. Mwanangu, aliyekuwa akilia kuku akichinjwa, ndiye leo anyonye damu ya watoto! Kila mtu kwetu anajua kwamba mti mwingine wowote usio glog haumzuii maiti kuamka. Basi nikavipita vichaka vyote vya glog, nikakata tawi la mplamu, nikalimenya gome na kulichonga ncha. Mti ukishamenywa, nani atautambua? Ljubisav alikibusu kigingi hicho, akaniachia mkate langoni kama ilivyo desturi, akashika njia ya makaburini.

Jumatano mtoto wake akafa.

Nilijiambia kwamba ni homa, watoto hufa kwa homa. Alhamisi asubuhi Jagoda akasukuma kikombe cha maziwa. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamfokea, hakufungua kinywa.

Nilikata glog mnene kuliko wote. Nilichonga huku nikimwomba Milunka radhi kwa sauti, nalia, miiba imenichana mikono. Kisha nikachukua nyundo nikapanda makaburini.

Watu waliokuja kumzika mtoto walikuwa wameshatawanyika. Ljubisav peke yake alisimama kando ya kaburi la mwanawe. Alikitazama kigingi changu, akanitazama usoni, akaelewa nilichompa Jumatatu.